Gitaa moja, hukumu mbili

Rafiki yangu mpiga besi alilichukua gitaa mikononi mwangu kabla ya mazoezi kuanza, akalikung'uta mara mbili tatu kwa kodi ya G, yaani noti kadhaa kwa pamoja, akasikiliza, akanirudishia.

"Kaka, hili kopo."

Sikumjibu. Mpiga ngoma alikuwa ameshaanza kugonganisha vijiti. Nikachomeka waya, nikapandisha sauti kidogo kidogo mpaka ikakaa mahali pake, tukaanza. Wimbo wa tatu ulipokwisha, yuleyule mpiga besi alinigeukia.

"Umelifanya nini hilo gitaa?"

Sikuwa nimelifanya lolote. Nyuzi zilezile, mikono ileile. Ni gitaa la bei nafuu, tumbo jembamba, pembe moja imekatwa ili vidole vifike freti za juu (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo), na ubavuni lina kijisanduku cha priampu, kinachoandaa sauti ya gitaa kabla haijaenda kwenye spika, chenye tyuna ya kupimia kama nyuzi zimekaa sawa. Magitaa ya namna hii yamejaa kila mahali, na kila mpigaji ana lake la kusema juu yake.

Maneno ya rafiki yangu yalinikaa kichwani kwa wiki kadhaa, yote mawili. Pale mwanzo alisema kweli: bila waya, gitaa lile lina mlio wa kopo. Na baadaye, aliposhangaa, alikuwa na haki ya kushangaa. Mimi ndiye ninayeletewa magitaa niseme kama yanafaa. Nikiletewa hili na mtu asiyelijua, nimpe hukumu ipi?

## Besi imekwenda wapi

Kwanza nimtendee haki aliyesema kopo.

Ndani ya gitaa mna hewa, na hewa hiyo ina sauti yake inayoipenda. Ukipuliza mdomo wa chupa tupu unaisikia kanuni hiyo: chupa kubwa hutoa mlio mzito, ndogo hutoa mlio mwembamba. Gitaa kubwa la umbo la dreadnought huwa na kina cha kati ya milimita 100 na 120 na kidogo, na hewa yake huitikia karibu na hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde. Noti ya G ya chini, freti ya tatu kwenye uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, ni hezi 98. Vikikutana hivyo viwili, kodi ya G inajaa mpaka unaihisi kifuani.

Magitaa membamba mengi yana kina cha milimita 70 hadi 90. Ukipunguza ujazo wa hewa kwa theluthi moja bila kugusa tundu la sauti, mwitikio ule hupanda kwa asilimia 20 na ushei, yaani kutoka hezi 100 hadi 120 na zaidi. Hapo umeshaipita A na unaikaribia B. G ya chini inabaki yatima. E iliyo wazi, yenye hezi 82, ndiyo kabisa.

Kwa hiyo rafiki yangu, bila kukusudia, alichagua kodi inayoliumbua gitaa la aina hii kuliko kodi nyingine yoyote.

Waundaji wanalijua hilo na hujaribu kufidia. Tundu la sauti likifanywa dogo, mwitikio wa hewa hushuka kidogo. Ndiyo maana magitaa haya mara nyingi huwa na tundu dogo, wakati mwingine lenye umbo la yai. Wanunuzi wengi huliona kama pambo.

Ila kuna jambo ambalo mtu anayepima chumbani halioni. Besi ile nzuri ya gitaa kubwa ndiyo ya kwanza kuleta balaa mbele ya spika. Sauti inatoka kwenye spika, inalitikisa tumbo, pikapu (kifaa kinachogeuza mtetemo kuwa umeme) inaisikia, inairudisha kwenye spika, na mzunguko ukishika kasi ukumbi mzima unasikia yowe. Fundi mitambo hana njia nyingine: anashusha sauti za chini mpaka yowe likome. Umelipia besi, yeye ameikata.

Wazo la kutengeneza gitaa kwa ajili ya jukwaa si la jana. Kampuni ya Ovation ilianzishwa katikati ya miaka ya 1960 na Charles Kaman, mtengenezaji wa helikopta, na magitaa yake yakajulikana kwa mgongo wa mviringo usio wa mbao na pikapu zilizofichwa chini ya nyuzi pale darajani, yaani kwenye kile kibao cha usoni kinachoshika nyuzi. Mwaka 1987 Yamaha ikaleta mfululizo wa APX: tumbo jembamba, pikapu ndani, shingo isiyomsumbua mtu aliyezoea gitaa la umeme. Umbo hilo limeigwa mpaka ngazi ya chini kabisa ya bei, na hapo ndipo sisi wengi tunapokutana nalo.

## Pikapu inasikia nini

Karibu magitaa yote haya ya bei nafuu hutumia pikapu ya piezo. Ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba fuwele fulani ukizibana hutoa umeme. Kwenye gitaa, utepe mwembamba wa kitu cha namna hiyo hulazwa kwenye mfereji wa daraja, chini ya kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi. Nitakiita mfupa wa chini. Mwenzake wa kule kichwani, shingo inapoanzia, ni mfupa wa juu. Tunaiita mifupa hata ikiwa ya plastiki.

Kila uzi unapotetema unaubana na kuuachia utepe ule. Pikapu inasikia nyuzi, na inasikia uso wa gitaa unavyocheza chini ya daraja. Hewa ya tumboni inaifikia kwa mbali sana.

Nilipofika hapo nilidhani nimemaliza.

Gitaa jembamba limepoteza hewa, na hewa ndiyo ambayo pikapu haiisikii vizuri. Chumbani linahukumiwa kwa kitu ambacho jukwaani hakihitajiki. Basi hukumu zote mbili ni za kweli, kila moja mahali pake, na makala yangu yangeishia hapa.

Lakini kama tumbo lina kazi ndogo hivyo waya ukishachomekwa, kwa nini nimeshika magitaa mawili membamba ya bei zinazokaribiana, moja likawa raha kulipiga na jingine nikatamani kulirudisha lilikotoka kabla wimbo haujaisha?

## Mbao, kwa ufupi

Jibu la haraka ambalo kila mtu hulitoa ni mbao. Ubao mzima dhidi ya mbao za tabaka. Ukitaka kujua unacho kipi, tazama ukingo wa tundu la sauti: kwenye ubao mzima, mistari ya mti unayoiona usoni inaendelea kushuka ukingoni, kwenye mbao za tabaka utaona matabaka, au utaona rangi nzito imepakwa ili usione chochote. Rangi nzito hapo mimi huihesabu kama jibu.

Ubao mzima kwenye uso ni bora, sibishi. Unacheza kwa wepesi zaidi. Mgongo na mbavu ni habari nyingine. Mwaka 1862 Antonio de Torres, fundi wa Uhispania, alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi ngumu, ili kuonyesha kwamba sauti inatengenezwa na uso. Na mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio zuri: magitaa 6 yaliyofanana kila kitu isipokuwa mti wa mgongo na mbavu, wapigaji 52, na hakuna aliyeruhusiwa kuona anachopiga. Tofauti walizozisikia zilikuwa ndogo sana, na miti ya bei mbaya haikuonekana bora kuliko ile ya kawaida.

Kwa hiyo muuzaji akianza kukusimulia mti wa mgongo wa gitaa jembamba utakalolichomeka kwenye spika, msikilize kwa adabu.

Mbao za tabaka usoni nazo zina utetezi wake. Ni ngumu zaidi, hazichezi na kila badiliko la hewa, hazipasuki ovyo hewa ikikauka, na ugumu huohuo unapunguza yowe la spika. Gitaa lililomshangaza rafiki yangu lina uso wa tabaka. Nilichungulia.

## Kasoro inayotibika na isiyotibika

Gitaa la bei nafuu lisilo na kasoro sijawahi kulishika. Kuuliza kama lina kasoro ni kupoteza muda. Ninachotaka kujua ni kama kasoro yake inatibika, na kwa gharama ipi.

Nyuzi zilizochakaa hubadilishwa. Funguo za kutunia zinazoteleza hubadilishwa kwa bisibisi, ingawa mara nyingi zinasingiziwa: uzi umekwama kwenye mfereji wa mfupa wa juu, unaachia ghafla, na lawama inaenda kwa funguo. Ukikaza uzi ukasikia mlio wa "tik" kabla noti haijapanda, mkosaji ni mfupa. Ncha za freti zinazokwaruza kiganja, kwa sababu mbao za shingo zimekauka na kusinyaa na chuma hakisinyai, husuguliwa kwa tupa ndogo zikaisha.

Hayo yote hayanitishi. Kinachonitisha ni shingo.

Naanza kwa kutuni gitaa sawasawa, kwa sababu shingo isiyovutwa na nyuzi haisemi ukweli. Seti ya nyuzi za 12 hadi 53 huivuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70. Gitaa lililolegezwa nyuzi dukani linaweza kuonekana limenyooka vizuri, ukifika nyumbani likajikunja. Kisha nabana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na kwenye freti ya 14 kwa wakati mmoja. Uzi wenyewe unakuwa rula. Katikati, karibu na freti ya saba, panatakiwa pawe na uwazi mdogo, unaopitisha karatasi moja au mbili. Uwazi ukiwa mkubwa, au usiwepo kabisa, ile fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo huweza kurekebisha, alimradi inazunguka. Kwenye magitaa ya bei ya chini nimekutana na fimbo zilizofika mwisho wake, haziendi mbele wala nyuma. Mwombe muuzaji akuruhusu uizungushe robo ya mzunguko. Akikataa, uliza kwa nini.

Shingo iliyojipinda kama parafujo, upande wa besi ukienda huku na wa nyuzi nyembamba kule, haitibiki kwa fimbo. Rudisha gitaa.

Halafu inakuja hesabu ambayo kwangu imebadilisha namna ya kununua gitaa lolote la nyuzi za chuma.

Pima kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12, kuanzia juu ya freti hadi chini ya uzi. Uzi mnene ukiwa milimita 2.5 na mwembamba karibu 1.8, hakuna la kulalamika. Tuseme umekuta uzi mnene uko 4. Mkono unachoka mapema, noti zinapanda kidogo kwa sababu unauvuta uzi mbali kila unapoubana. Muuzaji anakuambia hilo si tatizo, zinashushwa tu.

Pengine. Freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwa hiyo kushusha milimita 1 pale kunataka kukata milimita 2 kwenye mfupa wa chini. Kutoka 4 hadi 2.5 ni milimita moja na nusu, utakata 3. Sasa inama utazame daraja. Mfupa umechomoza kiasi gani juu ya mbao? Ukiona milimita 5, nunua bila hofu: baada ya kukata zitabaki 2, nyuzi bado zitaubana mfupa vizuri na pikapu itasikia. Ukiona umechomoza milimita 3, hakuna cha kukata. Muuzaji hajadanganya, nyuzi hushushwa; ila si kwenye gitaa hilo.

Kasoro ya hapo iko kwenye pembe ambayo shingo imeungiwa na tumbo. Kuing'oa shingo na kuiunga upya ni kazi ya fundi mzoefu, na kwa gitaa la bei nafuu kazi hiyo inaweza kuzidi thamani ya gitaa lenyewe.

Rula ndogo ya milimita inaingia mfukoni. Naibeba.

Kuna vingine viwili visivyotibika kirahisi. Daraja linaloanza kung'oka: pitisha ukingo wa karatasi nyuma yake, ikiingia chini ya daraja gundi imeachia. Uso kuvimba kidogo nyuma ya daraja ni kawaida, nyuzi zinauvuta. Daraja kung'oka si kawaida. Na daraja lililogundishwa mahali pasipo sahihi. Hilo utaligundua kwa tyuna: piga hamoniki ya freti ya 12, yaani gusa uzi tu bila kuubana, kisha bana freti hiyohiyo na upige. Tofauti ndogo ya senti chache (senti 100 ni hatua ya freti moja) inavumilika na mara nyingi hutibika kwa kuuchonga mfupa wa chini. Nyuzi zote zikipotoka kwa senti 15 au 20 upande uleule, na nyuzi zenyewe ni mpya, mimi naliacha.

Nyuzi zenyewe ni mpya, narudia. Uzi mzee hudanganya kipimo hiki.

## F ya mpwa wangu

Mpwa wangu alinijia na gitaa lake la kwanza, jembamba vilevile, amekata tamaa.

"Mjomba, vidole vyangu ni vifupi?"

Kodi ya F ilikuwa imemshinda. Nilimwambia abane uzi wa kwanza kwenye freti ya tatu, kisha tukatazama pamoja juu ya freti ya kwanza. Pale uwazi unatakiwa uwe kama unene wa unywele, uzi ukikaribia kugusa bila kugusa. Wake ulikuwa juu mno. Mifereji ya mfupa wa juu ilikuwa haijachongwa vya kutosha kiwandani, ikaziacha nyuzi zimening'inia juu pale ambapo F inapigwa.

Kazi ya kuchonga mifereji hiyo ni ndogo kwa mwenye tupa zinazofaa. Siku iliyofuata F ilitoka, kwa kunung'unika, lakini ilitoka.

Nalisimulia hili kwa sababu kasoro hii ni ya kawaida mno kwenye magitaa ya bei nafuu. Kuchonga mfupa wa juu kwa usahihi kunataka mtu na muda, na muda ndicho kitu cha kwanza kupunguzwa bei inaposhuka. Kiwanda kinaona heri mifereji ibaki juu, maana iliyochongwa kupita kiasi hukoroma na gitaa hurudishwa. Hakuna anayerudisha gitaa kwa sababu F imemshinda. Anaacha muziki tu.

Kwa hiyo gitaa lenye mfupa wa juu uliochongwa vibaya silihesabii dhambi kubwa. Namhurumia tu anayejifunzia.

## Sasa chomeka waya

Hapa ndipo gitaa jembamba linapopaswa kupimwa kwa muda mrefu zaidi, na ndipo watu wanapotumia dakika moja.

Kwanza, uchomeke wapi? Maduka mengi yatakupa ampu ya gitaa la umeme kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Spika za ampu hizo hazitoi vizuri sauti za juu zaidi ya hezi 5,000 hivi. Zimeundwa kwa kazi nyingine. Piezo kupitia humo husikika nzito na ya ajabu. Omba ampu ya magitaa ya akustiki, au spika ya kawaida ya ukumbi inayotoa sauti zote.

Weka vidhibiti vyote vya ikwalaiza, vya besi, sauti za kati na za juu, katikati. Muuzaji anayejua kazi yake atakuwa ameshapandisha besi na kushusha sauti za kati, na kila kitu kitakupendeza.

Kisha piga uzi mmoja mmoja, kwa nguvu ileile, polepole, kuanzia wa sita hadi wa kwanza. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote vya umeme. Mara nyingi utakuta uzi mmoja umefifia, mara nyingi wa kwanza au wa sita, au wa tatu umeruka juu ya wenzake. Maana yake mfupa wa chini haukukaa sawasawa juu ya utepe, pengine chini yake haukunyooshwa. Linatibika: mfupa unatolewa, unanyooshwa kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo, unarudishwa. Nimeona gitaa lililokuwa linaitwa bovu likapona kwa hilo tu. Lakini ukilikuta dukani una sababu ya kuomba punguzo.

Piga kwa nguvu zaidi. Piezo ina tabia mbaya ya kutoa mlio mkavu wa kiplastiki, kama unavunja kijiti, kila ukigonga nyuzi kwa nguvu. Zote zinayo, hata za bei mbaya. Swali ni kama ukishusha kidogo sauti za kati za juu mlio huo unatulia au gitaa zima linazimika pamoja nao.

Zungusha kila kidhibiti toka mwanzo hadi mwisho ukisikiliza mikwaruzo. Tikisa plagi taratibu. Sauti ikikatika, jeki imelegea, na jeki hurekebishika. Gusa nyuzi kwa kiganja: mngurumo ukipungua sana unapogusa na kurudi unapoachia, waya wa ardhi ndani una walakini. Tuni kwa tyuna ya gitaa, kisha hakiki kwa tyuna nyingine. Zinatakiwa zikubaliane.

Priampu yenyewe ndiyo sehemu ninayoiogopa. Piezo haiwezi kuongea moja kwa moja na miksa ya kawaida. Inahitaji kifaa chenye ukinzani mkubwa mno wa kuipokea, megaomu moja na kuendelea, la sivyo besi inapotea yote na kinachobaki ni kile kisauti chembamba cha redio ndogo. Kazi hiyo ndiyo ya priampu. Ikifa, gitaa lako jembamba limebaki kuwa lile kopo. Na kijisanduku chake kimekaa ndani ya tundu lililokatwa ubavuni kwa vipimo vya kiwanda hicho. Kuna vipimo vingi, na priampu mpya inaweza isiingie, au ikacheza ndani. Kabla ya kununua, pima tundu hilo na uangalie kama priampu za kubadilisha za ukubwa huo zinapatikana. Mimi gitaa lenye priampu rahisi ya vidhibiti vitatu na umbo la kawaida nalipenda kuliko lenye mwangwi, korasi, bluetooth na taa za rangi. Vinavyoweza kuharibika vinakuwa vichache.

Kitu kidogo ambacho wengi hawaambiwi: kwenye mengi ya magitaa haya, plagi ikiingia ndipo betri inapowashwa. Ukiacha waya umechomekwa usiku kucha, asubuhi betri ya volti 9 imechoka, na sauti itaanza kupasuka katikati ya wimbo. Nimeshasikia gitaa zima likilaumiwa kwa kosa la betri.

## Nani anasikiliza

Shaka moja haijaniondoka.

Vipimo vyote hivi vinanipa hukumu ya fundi: hili linatibika, lile halitibiki. Havisemi kama gitaa linapendeza. Gitaa jembamba linaweza kupita kila kipimo cha rula na tyuna, likachomekwa, nyuzi zote zikawa sawa, na bado likawa halina mvuto wowote. Na kuna yenye dosari ambayo sitaki kuyaachia.

Njia pekee niliyoipata ya kukikaribia kitu hicho ni kumpa mtu mwingine gitaa. Mpigaji hukaa juu ya tundu la sauti, sauti inamwendea mbele msikilizaji. Wawili hao hawasikii kitu kimoja. Nampa mtu apige, nakaa hatua chache mbele yake, halafu namwambia ahame akapige mahali pengine. Chumba chenye sakafu tupu na kuta ngumu hulipamba kila gitaa. Kwenye chumba chenye mapazia na makochi gitaa hubaki na kilicho chake tu. Kisha tunachomeka, nami nageuza mgongo ili nisione ni lipi kati ya mawili linalopigwa.

Nikigeuza mgongo, jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa halinisaidii tena. Mara kadhaa nimechagua lile ambalo macho yangu yasingelichagua. Mara nyingine sikusikia tofauti yoyote, na hapo nikarudi kwenye rula: lenye shingo nzuri ndilo.

Kwa hiyo sasa mtu akinijia na gitaa jembamba, kabla sijaligusa namuuliza atalichomeka wapi. Akisema anapiga jukwaani, na bendi, mbele ya spika, naanza na shingo, naenda kwenye waya, sauti ya chumbani naiacha ya mwisho. Akisema atapiga peke yake, amekaa, hana spika na hana mpango wa kuwa nayo, namshauri achukue lenye tumbo la kawaida, hata kama halina pikapu. Pikapu anaweza kuja kuwekewa mwaka mwingine.